Bibi Asiye Kichekesho

(Haya ni maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za Kasulu na Kibondo. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na marafiki wetu wafadhili.)



Mmetuomba tuzungumzie kazi ya vikundi vyetu vya ngoma, nyimbo na maigizo katika kuelimisha jamii juu ya teknolojia mpya: fedha zinazotumwa kwa simu, umeme wa jua na ule wa gridi uliofika mkoani mwetu mwaka 2022, majiko ya gesi, usajili wa laini kwa alama za vidole, na sasa hata hii inayoitwa akili mnemba. Barua yenu ilisema tueleze mafanikio, vikwazo na mikakati. Mafanikio yapo, na taarifa ya robo mwaka imeyaorodhesha. Leo tunaomba radhi tutoke kidogo nje ya barua, tueleze kosa moja tulilolifanya mbele ya macho yenu, ambalo hakuna safu ya kuliandika katika taarifa.

Igizo lenyewe wengi wenu mmeliona. Liliandaliwa na vijana wa parokia moja ya upande wa Kasulu, likazunguka vigango, likavuka hadi Kibondo. Kuna kijana msomi, kuna mama yake anayepikia gesi, na kuna Bibi. Bibi anashika simu juu chini. Bibi anamwamkia mtangazaji wa redio, kisha anamkasirikia kwa kutoitikia. Bibi anasikia mtungi wa gesi ukipumua, anakimbilia migombani akipiga yowe. Mwisho, wakala anapomwambia aweke kidole kwenye mashine ili laini yake isajiliwe, Bibi anaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Aliyeigiza ni kijana wa kiume aliyejifunga kitenge, na Kiswahili chake kilivutwa makusudi kwa lafudhi ya Kiha. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Sisi wenyewe tulicheka. Katika taarifa tuliandika kwamba ujumbe umepokelewa vizuri na walengwa.

Katika kigango kimoja, makofi yalipoisha, mama mmoja mzee alisimama chini ya mwembe. Alisema, “Wajukuu zangu, mmetuchekesha. Sasa na mimi niwaonyeshe.” Akafungua viganja vyake. Vidole vilikuwa vimelika, vyororo kama mpini wa jembe lililotumika miaka mingi. Akaeleza kwamba alikwenda kusajili laini yake mara tatu, na mara zote tatu kile kioo cha mashine hakikuona kitu. “Bibi wenu kaikataa mashine,” alisema. “Mimi sijaikataa. Imenikataa yenyewe.”

Hakuishia hapo. Kwa kuwa kidole chake hakisomeki, laini aliyokuwa akiitumia ilisajiliwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha aliondoka nayo, na ndani yake mlikuwa na fedha za maharage ya msimu mzima. “Sisemi ameiba,” alisema. “Nasema jina lilikuwa lake.” Kijana aliyeigiza Bibi alikuwa bado amevaa kitenge. Alikifungua taratibu, akakikunja, akaenda kukaa nyuma.

Ndugu wajumbe, mtakumbuka jinsi zoezi lile lilivyokuja. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019. Mwisho ulikuwa Desemba 31 mwaka huo, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ili usajiliwe ulihitaji namba ya kitambulisho cha Taifa. Wilaya zetu zimepakana na Burundi, na tangu mwaka 1972 tumepokea wakimbizi kwa nyakati mbalimbali, ikiwemo kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo. Kwa hiyo suala la nani ni raia huwa zito huku kwetu kuliko Singida au Dodoma. Mtu aliyezaliwa Heru au Muhambwe anaweza kujikuta akieleza ukoo wake hadi kwa babu wa babu. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya mashine, na mashine ikasema haimtambui, anasikia neno zito kuliko lile alilokusudia aliyeiunda.

Na kuhusu kidole chenyewe: ngozi ya mtu aliyeshika jembe, aliyemenya muhogo na kusugua sufuria kwa majivu kwa miaka sitini, mistari yake huchakaa. Uzee nao huipunguza unene. Jambo hili linajulikana kwa mafundi wa mitambo hiyo kokote duniani. Lakini katika igizo letu halikuwemo, kwa sababu waandishi wetu walikuwa na umri wa miaka ishirini na vidole vinavyosomeka.

Tuliporudi tulikaa na wazee wachache tukawauliza habari za kidole. Tulitegemea mazungumzo ya nusu saa, tulirudi jioni. Wazee wale walituambia habari za manamba. Wakati wa Waingereza, Buha ilikuwa mojawapo ya sehemu kubwa za kutoa vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waandikishaji walikuja, wakiwemo wale wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma, akapewa namba, akaenda kupanda treni Kigoma. Neno manamba limetokana na namba hizo. Wapo waliorudi na baiskeli na mablanketi, na wapo ambao hawakurudi. Mzee mmoja alisema baba yake alipoondoka, kilichobaki serikalini kuonyesha kwamba aliwahi kuishi kilikuwa doa la wino la kidole gumba.

Hayo si yote. Katika miaka ya 1930 watu wa Kasulu na Kibondo walihamishwa kutoka makwao na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 wakahamishwa tena kuingia vijiji vya ujamaa. Hatusemi kwamba hatua zile zote zilikuwa mbaya. Malale yaliua watu wengi, na vijiji vilileta shule. Tunasema tu kwamba kila mara alikuja mtaalamu mwenye karatasi au chombo kipya, akawaambia watu kwamba ni kwa faida yao, na hawakupewa muda wa kuuliza. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisita leo, tumweke kwenye jukwaa kama mjinga?

Tulijiuliza pia huyu Bibi wa kuchekwa tulimtoa wapi, maana hata vijana wetu hawakumbuni wao. Ana umri mkubwa. Mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Tanganyika na nchi jirani. Wazo lilitokana na watu wa Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha zilitoka mfuko wa Carnegie wa Marekani. Kwa hiyo tunawataja kama ndugu zetu, si kama watu wa mbali. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, wakazizungusha kwa lori lenye mashine ya kuonyeshea, na maneno ya Kiswahili yakitoka kwenye santuri. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wa shambani wanapata mshahara. Mmoja anazika fedha zake ardhini na zinaibwa. Mwenzake anaziweka posta, naye anafaidi.

Ni hadithi fupi na inaeleweka. Lakini hakuna katika filamu hiyo anayemuuliza yule wa kwanza kwa nini alizika. Labda posta ilikuwa mbali, labda karani alimdharau, labda aliwahi kuona karatasi ya mwenzake ikipotea. Tangu hapo, karibu kila tunapofundisha jambo jipya, tunaweka watu wawili jukwaani, mwerevu na mjinga, na tangu wanapoingia mtazamaji anajua nani ataumbuka. Maigizo yetu mengi ya ukimwi, ya vyandarua, ya vyoo na ya majiko yalijengwa hivyo. Tumeyafadhili, na tumeyapigia makofi.

Sanaa ya nchi yetu imewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Wengi mlisoma shuleni tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, watu wenye maji ya dawa mbele ya bunduki za Wajerumani. Kama kuna mahali pa kucheka watu kwa kutojua nguvu za mtambo, ni hapo. Hussein hakucheka. Alionyesha kwa nini watu wale walihitaji kuamini, alionyesha umoja walioupata kwa imani hiyo, na alionyesha pia mashaka ya Kinjeketile mwenyewe. Ukimaliza kuisoma huoni wajinga. Unaona watu waliobanwa.

Na upo mfano wa Malya, katika wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kuanzia mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kufanya kazi na wanakijiji. Hawakwenda na igizo mkononi. Kwanza walikaa na watu kuchunguza matatizo yao ni yapi, na hapo yakajitokeza mambo ya vijana wasio na kazi na wasichana kupata mimba. Kisha wanakijiji wenyewe wakatengeneza maonyesho kwa ngoma zao, na baada ya maonyesho wakakaa kujadili. Njia hiyo ni ndefu na inachosha. Mtu anayedaiwa taarifa mwisho wa mwezi haipendi. Tunalisema hilo tukijijua.

Basi tulifanya nini na igizo letu? Tulilisimamisha. Vijana walikasirika kidogo, kwani walikuwa wameanza kujulikana hata masokoni. Tulipolirudia, nafasi ya Bibi tulimpa mama wa kwaya mwenye wajukuu sita. Anapokuwa peke yake anazungumza Kiha, na anapokuwa na wakala anazungumza Kiswahili chake cha kawaida, bila kukivuta. Inashangaza jinsi kicheko kinavyobadilika kwa badiliko dogo hilo. Watu bado wanacheka, maana mama yule ana maneno, ila sasa wanacheka pamoja naye.

Katika igizo jipya Bibi anafika kwa wakala. Wakala anafuta kioo, anamwambia anawe mikono, anajaribu kidole gumba, cha shahada, mkono wa kushoto. Foleni nyuma inanung’unika. Mjukuu anasema, “Bibi, tusajili kwa jina langu, tuondoke.” Kisha wakala, kwa nia njema kabisa, anasema, “Na namba ya siri nipe mimi nikutunzie, usije ukaisahau.” Hapo waigizaji wanasimama. Mama anawageukia watu na kuwauliza: nifanyeje?

Mjadala huchukua muda mrefu kuliko igizo. Mahali pamoja upande wa Kibondo baba mmoja alisema ampe wakala, kwani ni mtoto wa hapa hapa, tunamjua mama yake. Wanawake wakamzomea. Ndipo wakala wa kweli aliyekuwepo akasimama kujitetea: wazee wenyewe humlazimisha abonyeze kwa sababu hawasomi tarakimu, na akikataa wanamwona ana kiburi. Hakuna mwandishi wetu aliyewahi kuliwaza hilo. Sasa limo kwenye igizo.

Tuseme neno juu ya gesi pia. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Akina mama wa huku wanajua moshi wa kuni unavyowafanya macho na vifua, na wale walioishi karibu na kambi wanajua hatari zilizowapata wanawake waliokwenda porini kutafuta kuni. Igizo letu la kwanza lilionyesha kwamba kikwazo ni hofu ya mtungi kulipuka. Hofu ipo. Lakini tulipouliza, mama mmoja alijibu, “Gesi naipenda kwa chai. Kwa maharage, itaisha kabla ya mwezi, na kuujaza tena ni fedha taslimu. Kuni natoa jasho tu.” Hiyo ni hesabu. Sisi watu wa maharage tulipaswa kuijua. Kikundi kimetunga wimbo wa malumbano kati ya kuni na gesi, kila mmoja akitoa hoja zake, na katikati anaingia mtu wa tatu, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, anayewapatanisha kiasi fulani. Akina mama wanaupenda. Hatujui kama umeuza mtungi hata mmoja.

Kuhusu akili mnemba tuna kisa kimoja tu, nacho ni kifupi. Vijana waliiomba kwa simu iwachoree mkulima mwanamke wa Kibondo kwa ajili ya bango. Picha ilitoka kwa dakika moja, inang’aa. Akina mama wakaizunguka: jembe limeingia kwenye mpini upande usio wake, migomba imepangwa mstari kama nguzo za umeme, na mtoto yuko mgongoni bila kitu kilichomfunga. Safari hii wazee ndio waliocheka, na vijana wakanywea. Bango likachorwa na fundi wa mabango wa sokoni Kasulu, kwa rangi ya mafuta, na jembe lake ni jembe.

Kuna waliotuuliza kama sasa tunataka sanaa ipinge maendeleo. Hapana. Mchora vibonzo anayejulikana nchi nzima, Masoud Kipanya, alizindua gari la umeme Machi 2022. Msanii anaweza kuwa na mikono miwili.

Baba paroko mmoja alitupa hoja nzito zaidi, nasi hatuwezi kuipuuza. Alisema watu hutembea saa mbili kuja kwenye igizo, wanataka kurudi na kitu mkononi, na igizo linaloishia kwenye swali ni kama chakula kisichoiva. Tumemkubalia kwa sehemu. Yapo mambo yasiyo na mjadala: namba ya siri haipewi mtu, na mtungi wa gesi haufungwi ndani ya chumba cha kulala. Hayo sasa yanatamkwa wazi kabla watu hawajatawanyika. Lakini kama mzee asajili laini kwa jina la nani, hilo hatuna jibu la kumpa, na kujifanya tunalo ndiko kulikotufikisha kwa Bibi wa kwanza.

Kwenu wafadhili tuna ombi. Fomu ya taarifa ina safu ya “idadi ya watu waliobadili mtazamo”. Tumekuwa tukiijaza, na tunakiri kwamba mara nyingi tumeijaza kwa kuhesabu waliocheka. Tunaomba nafasi ya kuandika maswali yaliyoulizwa, na tunaomba bajeti itambue siku mbili za kukaa na wazee kabla ya kikundi kuanza kutunga. Gharama yake ni nauli, chakula na uvumilivu.

Kwenu kamati za parokia, kazi imeshaanza na si ya jukwaani. Baada ya maonyesho, vigango kadhaa vimeandika orodha ya wazee ambao vidole vyao havisomeki na wanaotumia laini za majina ya wengine. Vijana wa kikundi wanawasindikiza ofisini, wakiwa na barua za watendaji wa vijiji. Wengine wamesomeka kwa kidole ambacho hakikujaribiwa mwanzoni. Wengine bado, akiwemo mama yule wa chini ya mwembe. Amekwenda mara ya nne na ya tano, na anasema atakwenda ya sita baada ya kuvuna.

Igizo litakuwa upande wa Kibondo baada ya mavuno ya maharage. Kamati itakayotaka lifike kwake tunaiomba ituletee kwanza orodha hiyo, majina na vigango, ili kikundi kikija kije na mtu wa kuwafuatilia. Orodha zipokelewe na makatibu wa kamati, na nakala moja ibaki parokiani.